Imebaki miezi mitatu watoto waanze darasa la kwanza na wengi hawajawahi kukaa darasani. Nianzie wapi?

Mama Vitumbua wa Charambe (mleta mada)

Habari za jioni ndugu zangu, wakubwa shikamooni. Nitaandika kirefu, naomba mnivumilie.

Naishi Charambe, Mbagala. Napika vitumbua na chai. Jiko nawasha saa kumi na moja alfajiri, ikifika saa tatu nimeshauza na vyombo nimeosha. Nyumba tuliyopanga ina vyumba sita na baraza refu kwa mbele, na huu mwaka wa pili sasa baraza hilo ni la watoto. Ilianza kwa jirani yangu anayefuata samaki Feri. Anatoka saa tisa usiku, akaniomba nimwangalizie wa kwake. Akafuata mama muuza mihogo, kisha dada mmoja anayefua nguo za watu Kurasini. Leo nina watoto kumi na mmoja. Mwenye nacho ananiachia mia tano, asiye nacho simdai.

Sasa sikilizeni kilichotokea Januari. Yule wa mama wa samaki alikuwa kwa bibi yake Newala, akaletwa mjini Desemba akiwa na miaka saba. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, maana kwa bibi kilichozungumzwa ni Kimakonde. Mama yake akamwandikisha darasa la kwanza. Akamtafutia kaptula ya bluu ya mtumba, shati jeupe, madaftari manne, begi likashonwa kwa mfuko wa salfeti. Siku ya kwanza wapangaji wote tulitoka nje kumwangalia anavyokwenda.

Siku ya nne, saa nne asubuhi, nikamkuta amejibanza nyuma ya choo chetu, kaptula imelowa. Alibanwa darasani na hakujua aseme nini. Mwalimu ni mmoja, watoto wamepita mia, na yeye yuko nyuma kabisa, sakafuni. Akajisaidia palepale alipokaa. Wenzake wakamcheka, akatoka mbio, na njia ya kurudi nyumbani sijui aliikumbukaje. Shule hakurudi tena.

Mama yake alikuja kujua wiki ya tatu, kwa sababu anatoka mtoto amelala, na anaporudi mtoto ameshavua sare. Mimi nilimwogesha siku ile na nikamwambia mama yake, lakini nilidhani kesho yake alikwenda. Kumbe kila asubuhi alikuwa anavaa, anatoka, anazunguka mtaa wa pili. Hilo kosa ni langu na bado linaniuma.

Nikamuuliza yule mama mbona haendi kumwona mwalimu. Akaniambia, "Niende nikaseme nini? Kusoma sijui, nanuka samaki, na wataniuliza kwa nini mtoto hajasoma vidudu." Akainama akaendelea kuparua vibua vyake. Nikaelewa kwamba lile geti la shule, yeye analiogopa kuliko hata mwanawe.

Mwaka huu, kati ya hawa kumi na mmoja, sita wanatakiwa waanze darasa la kwanza Januari, na wawili tu ndio waliopita darasa la awali. Usajili unafunguliwa Oktoba. Mimi elimu yangu darasa la saba. Nina mkeka, ubao mdogo nilioupata kwa fundi seremala, chaki, na muda wa saa tatu mpaka saa sita kila siku.

Naombeni mnisaidie. Kwa miezi hii mitatu niwafundishe nini, niwashike na herufi tu? Kisheria naruhusiwa, au siku moja nitafungiwa? Na hawa mama wenzangu nitawafikishaje shuleni kabla mambo hayajaharibika? Hilo la mwisho ndilo linaloninyima usingizi.

---

Mwalimu Mstaafu

Marahaba mwanangu. Nimefundisha awali na darasa la kwanza miaka thelathini na moja, zaidi Kigogo na Temeke, na mtoto wa aina hiyo nimempoteza mara nyingi bila kujua ameondokea wapi. Kwa hiyo nitakujibu kama mtu ninayedaiwa.

Chaki iweke kabatini mwezi wa kwanza. Anza na msalani. Kila asubuhi, kila mtoto asimame aseme kwa sauti ya kusikika, "Mwalimu, naomba kwenda msalani." Aseme mpaka isiwe na aibu mdomoni. Halafu ajifunze kufungua kaptula mwenyewe, kuchuchumaa kwenye tundu, kujisafisha, kufunga, kunawa. Waambie wazazi wanunue kaptula au sketi ya lastiki kiunoni. Kifungo kigumu kimeniangushia watoto wengi kuliko herufi yoyote.

Pili, jina. Nyumbani anaitwa Kidoti au Babu au Mwarabu, siku ya mahudhurio linasomwa jina la kwenye karatasi na yeye anatazama pembeni. Unaweka alama ya hayupo, na mtoto yuko mbele yako. Mfundishe majina yake matatu, na jina la mama yake kama linavyoandikwa.

Tatu, vidole. Penseli inahitaji vidole vyenye nguvu. Wape choroko wachambue, karanga wamenye, udongo wafinyange, vifuniko vya soda wapange kwa rangi, wacheze mdako. Hayo ndiyo maandalizi ya kuandika. Mtoto akiweza kuokota punje ya mchele kwa vidole viwili na kuitia kwenye kizibo, kushika penseli hakumsumbui.

Nne, masikio, na hapa usifanye haraka. Hadithi kila siku. Unasimulia nusu, unakaa kimya, unamuuliza: sasa sungura atafanyaje? Mwache afikiri. Rudia hadithi ileile hata siku tano, nao waanze kukusimulia wewe. Huyo wa Newala mtafutie mtu anayejua Kimakonde amsimulie kwanza kwa lugha yake, ndipo aisikie kwa Kiswahili. Atakuwa anaijua hadithi, anachojifunza ni maneno. Watoto wanaohama lugha huonekana wazito kumbe wanatafsiri, na darasa lenye mia halina subira ya kumngoja mtu anayetafsiri.

Hesabu unayo kwenye kikaango chako. Matundu mangapi? Tumeepua vingapi? Mteja amechukua vitatu, vimebaki vingapi? Herufi zianze mwezi wa pili, na ianze herufi ya jina lake.

Usidharau darasa lako la saba. Mpango wa EQUIP-Tanzania ulioanza 2014 kwa ufadhili wa Uingereza uliendesha mafunzo ya utayari ya wiki 12 kwa watoto waliokuwa wanakaribia kuanza darasa la kwanza bila kupita awali, katika mikoa kama Dodoma, Tabora, Kigoma na Lindi. Waliofundisha walikuwa watu wa kijijini hapohapo, wakapewa mafunzo mafupi, na kazi yao kubwa ilikuwa hadithi, nyimbo na michezo. Wiki 12 ndiyo hiyo miezi mitatu yako.

Kuhusu mama: mpeleke shuleni siku ambayo hakuna kosa lolote. Mzazi akiitwa mara ya kwanza ili asomewe makosa ya mwanawe, umempoteza. Nenda naye mchana, wale wa zamu ya asubuhi wakishatoka, mwalimu ana nafasi ya kupumua. Wawili wawili, wasijae ofisini. Aone choo kiko wapi, bomba liko wapi, mlango wa darasa ni upi, mtoto akiwa amemshika mkono. Mwalimu amjue kwa sura. Hilo tu. Usimzungushe kwenye mazungumzo marefu siku ya kwanza.

---

Mzee wa Tabata

Mimi nitasema ninavyoona. Tangu Januari 2016 hakuna ada shule ya msingi, na awali imo humohumo. Serikali imeondoa mzigo, mzazi anashindwaje kumpeleka mtoto awali akiwa na miaka mitano? Mama Vitumbua unafanya kazi nzuri, lakini usiwabebe watu wazima. Wakijua upo watakutupia wote.

---

Mama Vitumbua wa Charambe

Mzee wangu, nakuheshimu, na ada kuondolewa kumetusaidia kweli, sipingi. Ila nikuwekee hesabu ya jirani yangu, maana nilikuwa naye sokoni Mbagala Rangi Tatu siku ile. Kaptula 6,000, shati 4,000, viatu 8,000, madaftari na penseli 5,000. Jumla 23,000, na hapo sweta tuliliacha. Faida yake siku nzuri ni 7,000, siku samaki wakilala anakula mtaji. Akakopa 30,000 kausha damu, akarejesha 1,500 kila siku kwa siku 26. Piga hesabu, ni 39,000. Mtoto alikaa darasani siku nne.

Na huyo mtoto wakati ana miaka mitano alikuwa kwa bibi, shule iko mbali na bibi miguu inamsumbua. Sikatai kwamba wapo wazazi wazembe. Kwenye hawa kumi na mmoja yupo mmoja, ninamjua, na nimeshamwambia usoni. Lakini mtoto wake naye ana miaka sita Januari, na yeye hakuchagua.

---

Niliyekuwa Ustawi

Mama, pole na hongera. Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii ngazi ya kata hapa Dar kwa miaka kadhaa. Nijibu la sheria.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka kituo cha kulelea watoto mchana kisajiliwe. Ukishakuwa na watoto kumi na mmoja kila siku, na wengine wanalipa, usiseme ni ujirani tu. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa kwanza, kisha mtendaji, akupeleke kwa afisa ustawi wa jamii. Nenda mwenyewe kabla hujaitwa, inabadilisha kila kitu. Watatazama usalama wa mahali, choo, maji, moto wako uko umbali gani na watoto, na nani anawalea. Huo moto wa vitumbua uhamishie uani hata leo, usingoje mtu aje kukuambia. Kibao cha shule usiweke, na usijiite shule. Wewe unawaandaa na kuwalea.

Ukifika, taja Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021. Inazungumzia mtoto wa miaka 0 hadi 8 na mambo matano: afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama. Maafisa wanaijua, na kazi yako inaangukia humo.

Mambo mengine ya haraka. Vyeti vya kuzaliwa: kagua watoto sita wote wiki hii, asiye nacho mama yake aanze kufuatilia RITA na tangazo la kizazi au kadi ya kliniki, maana Desemba foleni haishikiki. Kama ipo kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF wa kunusuru kaya masikini, mahudhurio ya mtoto shuleni ni sehemu ya masharti, kwa hiyo utoro unaweza kuwapunguzia ruzuku bila wao kuelewa kwa nini. Wakumbushe. Weka daftari la nani anaruhusiwa kumchukua kila mtoto, na usimpe mtoto mtu mwingine hata akisema ni mjomba. Ukiona alama za kipigo au jambo baya zaidi, piga 116, ni namba ya huduma kwa mtoto na ni bure.

Huyo wa miaka saba usimngojeshe Januari. MEMKWA, ule Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa, ni wa watoto wakubwa zaidi yake, yeye nafasi yake ni darasa la kwanza la kawaida. Mwalimu mkuu aombwe amruhusu akae darasani hata miezi hii iliyobaki, azoee, aanze upya mwakani. Na kabla ya hapo mpime masikio. Nimewahi kuandika kwenye faili "mtoto mkaidi, haitiki", na alikuwa hasikii sikio moja.

---

Baba Mapacha, Rangi Tatu

Mimi ni bodaboda, kijiwe chetu kiko karibu na hapo. Naona mmeongea habari za akina mama tu, naomba niseme la akina baba.

Msituite kikao. Sisi tukisikia kikao cha shule tunajua ni mchango, na mtu asiye na hela mfukoni hatokei, anazima simu. Tuite tufanye kitu. Mwaka jana mwalimu wa wanangu alituomba watu wanne tutengeneze madawati yaliyovunjika. Tukaja na misumari. Tulikaa hapo siku mbili, na ndiyo mara yangu ya kwanza kuona daftari la mwanangu na kujua kwamba 6 anaigeuza. Tangu siku ile mwalimu ananisalimia barabarani, nami nikipita pale shuleni nasimama.

Shida ya hapa kwetu ni Barabara ya Kilwa. Njia za magari ya kawaida, katikati mwendokasi, mtoto wa miaka sita hawezi kupima mwendo wa basi. Nimeongea na wenzangu leo jioni. Watu watano tumekubali kupokezana kuwavusha asubuhi, kwa miguu, wakiwa wameshikana mikono. Pikipiki tunaziacha kijiweni nusu saa. Na kila mmoja anaweka mia tano kwa siku kwenye kopo, Desemba tutakuwa na kitu cha viatu. Mama Vitumbua niambie tu saa.

---

Bint Malindi, Unguja

Assalaam aleikum. Bibie, hicho unachokifanya kina historia ndefu kwenye mwambao wetu. Huu mradi wa skuli za awali za madrasa, wa Aga Khan, ulianza Mombasa miaka ya 1980, ukaja kwetu Zanzibar 1990, baadae ukaenda Uganda. Wazee wa Kiislamu walikuwa wanataka watoto wao wasome dini na pia waingie skuli wakiwa tayari. Walimu walikuwa ni kinamama wa hapohapo mtaani, wengi hawana elimu kubwa, wakafundishwa na wakawa wanatembelewa mara kwa mara darasani kwao.

Mama yangu alikuwa mmoja wao. Ninachokikumbuka ni vifaa: makumbi ya nazi, vifuu, makombe ya pwani, maboksi, vibuyu. Kila Ijumaa wazee wa watoto wanakuja kushona vitambaa na kukata picha. Mzee asojua kusoma alikuwa akijua kusuka ukili, basi anawafundisha watoto kusuka, na siku hiyo yeye ndiye mwalimu. Huyo jirani yako muuza samaki mwite barazani siku moja awaoneshe watoto aina za samaki. Awataje, wawahesabu, wawapange kwa ukubwa. Akishasimama mbele ya watoto wako kumi na mmoja, kusimama mbele ya mwalimu mmoja kutamuwia wepesi.

---

Mama Vitumbua wa Charambe

Ndugu zangu, ni wiki mbili na nusu tangu niandike. Nimerudi kuwapa habari.

Jiko limehamia uani. Kwa mwenyekiti nimekwenda, kwa mtendaji nimekwenda, afisa ustawi amekuja jana akakagua. Amesema niongeze ndoo ya maji yenye bomba na niweke mlango wa choo unaofungika chini, na watoto wasizidi hawa nilionao. Fomu amenipa. Watoto wawili hawana vyeti, mama zao wameanza kufuatilia.

Dada wa Unguja, nilifanya ulivyoniambia. Jirani yangu wa samaki alikuja na beseni: vibua, changu mmoja, ngisi, dagaa kwenye kikopo. Mwanzoni alisema kwa sauti ya chini hadi watoto wakamwambia hawasikii. Kisha mmoja akauliza ngisi macho yake yako wapi, na hapo akafunguka, alikaa saa nzima na Feri siku hiyo alikuwa ameshatoka hajalala. Mtoto wake alikuwa anawasahihisha wenzake majina. Sijawahi kumwona anajua kitu wenzake hawakijui.

Jumatano tukaenda shuleni, saa saba na nusu mchana, yeye, mimi, mtoto na mama wa mihogo. Alitaka kurudi tulipofika kwenye mwembe. Nilimngoja tu, sikumvuta. Mwalimu wa darasa la kwanza ni dada mdogo, ana madaftari mpaka mlangoni. Hakumuuliza habari za vidudu. Alisema anamkumbuka mtoto, kwamba siku ile alimwona anatoka akadhani ameitwa na ndugu yake, na kwamba jina lake bado liko kwenye daftari la mahudhurio. Mama akamwambia mwenyewe, kwa mdomo wake, kilichotokea. Mwalimu akanyamaza kidogo, akamwonesha mtoto choo kilipo, akamwambia atakaa mstari wa mbele karibu na mlango na akibanwa anyooshe mkono tu, aende. Mwalimu mkuu amekubali aingie sasa, mwakani aanze upya.

Masikio tumepima, yako sawa. Mwalimu wangu mstaafu, ile sentensi ya msalani anaisema nyumba nzima, hata kwangu mimi anapokwenda uani anaomba ruhusa.

Anaanza Jumatatu. Mama yake siku hiyo haendi Feri, anataka ampeleke mwenyewe. Wapangaji tumemchangia faida ya siku, asiguse mtaji. Kaptula ya lastiki tumepata, viatu ni vilevile vya Januari na bado vinamtosha.

Baba Mapacha, saa kumi na mbili na nusu asubuhi tutakuwa pale kwenye kivuko.